Gari linatetemeka sailensi asubuhi ya baridi, likipata moto linatulia: lipime likiwa limepoa

#1 UyoleGereji

Wakuu, habari za asubuhi.

Baridi imeshaingia Nyanda za Juu Kusini, na kuanzia Juni hadi Agosti malalamiko huwa yale yale. Gari linawaka alfajiri, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka hadi rpm (mizunguko kwa dakika) 500, usukani unacheza, ukigusa mafuta kidogo linataka kuzima. Dakika tatu baadaye limetulia kabisa. Mwenye gari anafika gereji saa nne, injini ina moto, fundi anasikiliza anasema plagi. Zinabadilishwa plagi. Kesho yake hali ni ile ile, inafuata koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), inafuata pampu, mwisho anaambiwa injini imechoka.

Gari hilo hakuna aliyelipima. Ubovu unaojitokeza injini ikiwa baridi utauona injini ikiwa baridi, basi. Kwa hiyo gari lilale gereji, au fundi aje nyumbani na mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari kabla swichi haijazungushwa. Saa nane za kupoa ndiyo kiwango cha chini.

Sababu yenyewe ni hii. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi (bomba la moshi) haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Kabla ya hapo kontroboksi (kompyuta ya injini) haijui moshi unaotoka una petroli nyingi au kidogo. Inapima petroli kwa hesabu ilizokariri: hewa kiasi gani inaingia, maji yana joto kiasi gani, basi mwaga kiasi hiki. Sensa ya maji ikidanganya, au hewa ikipenya mahali ambapo haikupimwa, hakuna wa kusahihisha. Sensa ya oksijeni ikiamka, kontroboksi inaanza kuongeza au kupunguza petroli yenyewe na kosa linafunikwa. Kosa linabaki pale pale, halionekani tu.

Nitatumia injini ya 1NZ-FE ya Toyota kama mfano kwa sababu ndiyo imejaa barabarani: IST, Probox, Raum, Fielder, Premio na Allion za cc 1,500. Mantiki ni ile ile kwa injini nyingi za petroli za nozeli (vipulizia petroli), takwimu ndizo zinazobadilika.

Kabla ya kuwasha: unganisha mashine, fungua swichi bila kupiga stata, soma vitu viwili, joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha, hizo namba mbili zinatakiwa zikaribiane, tofauti isizidi nyuzi 5, na zote zikaribiane na joto la nje. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika na hakina gharama. Nashangaa kinavyorukwa.

Kisha washa, usikanyage mafuta. Andika rpm na joto la maji pale pale, tena baada ya sekunde 30, 60 na 120. Injini nzima kwenye nyuzi 10 inaruka hadi rpm 1,300 au 1,500 halafu inashuka taratibu kadiri maji yanavyopata joto, mpaka 650 au 750 injini ikiwa na moto. Hapo tayari umeshagawa ubovu makundi mawili. Kama rpm haipandi kabisa, shuku sensa ya maji, throto (mlango wa hewa ya injini) au valvu ya hewa ya sailensi. Kama rpm inapanda vizuri lakini injini inamisi (silinda inakosa kuwaka), shuku plagi, koili, nozeli, hewa ya wizi (inayopenya bila kupimwa) au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda).

Baada ya hapo soma kodi (namba za makosa ambazo kontroboksi imeandika), pamoja na zile zinazosubiri ambazo hazijawasha taa. P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda. P0300 inamaanisha misi inahamahama, na mara nyingi hiyo si koili moja. Ni kitu kinachogusa silinda zote.

Weka namba zako hapa, tuzisome.

---

#2 Mwanjelwa_IST

Asante mkuu. IST ya 1NZ-FE, throto ya umeme, haina taa ya injini. Leo saa 12 asubuhi kabla ya kuwasha: hewa nyuzi 10, maji nyuzi 29. Gari lililala tangu saa mbili usiku. Likiwaka rpm 780, inashuka 620, inatikisika karibu dakika mbili. Hakuna kodi yoyote hata inayosubiri. Plagi mpya, koili zimeshahamishwa, throto imesafishwa.

---

#3 UyoleGereji

Mkuu, jibu lako limo kwenye hiyo 29. Maji ya injini iliyolala saa kumi kwenye baridi ya nyuzi 10 hayawezi kuwa na nyuzi 29. Kontroboksi inaamini injini ina uvuguvugu, kwa hiyo inanyima petroli ya asubuhi na inaweka sailensi ya chini.

Kuhusu taa: taa haiwaki kwa sababu 29 ni namba inayowezekana. Sensa ikikatika waya, mashine inaonyesha nyuzi -40 na kodi inajiandika. Hapo kontroboksi ya Toyota inaiacha sensa na kushika nyuzi 80 kama namba ya dharura, ndiyo maana gari lenye sensa iliyokatika linawaka kwa taabu sana asubuhi. Lakini sensa inayodanganya kwa nyuzi 15 au 20 inapita bila kukamatwa, na ndiyo mbaya zaidi.

Sasa thibitisha kwa multimita kabla hujanunua kitu. Kesho alfajiri, injini baridi, chomoa soketi ya sensa ya maji, ile yenye nyaya mbili kwenye kichwa cha silinda karibu na mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Pima ukinzani kati ya pini mbili za sensa. Inavyotakiwa:

nyuzi 0: karibu kilo-ohm 5.5 hadi 6
nyuzi 10: karibu kilo-ohm 3.7
nyuzi 20: kilo-ohm 2.32 hadi 2.59
nyuzi 80: ohm 310 hadi 326

Ukipata chini ya kilo-ohm 2 kwenye nyuzi 10, sensa imekufa. Ukipata 3.7 sawasawa, sensa ni nzima na tatizo liko kwenye waya au soketi. Tafuta kutu ya kijani ndani ya soketi.

Kuna jaribio la pili linalomaliza ubishi. Duka la vifaa vya redio nunua rezista ya kilo-ohm 3.9, bei yake ni ndogo mno. Ichomeke kwenye soketi ya waya badala ya sensa. Kontroboksi itasoma nyuzi 9 au 10. Washa. Kama rpm inaruka 1,300 na mtetemo unapungua, umeshajua. Zima ndani ya dakika mbili na urudishe soketi. Usiendeshe na rezista: petroli itamwagika kama ya baridi muda wote, na feni ya rejeta inaweza isiwake maji yakichemka.

---

#4 KiambuGari

Boss, hapo kwa plagi na koili usipite haraka. Huku Limuru, Kenya, asubuhi ya Julai, nusu ya magari yanayotetemeka ni moto dhaifu wa plagi. Mchanganyiko baridi una petroli ambayo haijageuka mvuke, matone matone, na kuuwasha kunahitaji volti nyingi kuliko ukiwa moto. Koili iliyochoka inatosha injini ikiwa na joto, ikipoa haitoshi.

Plagi za 1NZ zinataka mwanya wa milimita 1.1. Ikifika 1.3 kwa kuchakaa, hiyo misi ya asubuhi utaipata. Na usipanue wala kubana ncha za iridiamu kwa bisibisi, zinavunjika. Kaza karibu Nm 18 pekee. Uzi wa kichwa cha silinda ni aluminiamu.

Koili za nyaya nne huwezi kuzipima kwa ohm, ndani kuna igniter (saketi ya kuwasha cheche). Njia ni kuhamisha: kodi ikiwa P0303, peleka koili ya 3 kwa silinda ya 1, futa kodi, acha gari ilale tena, washa asubuhi. Kodi ikihama P0301, koili ndiyo hiyo. Ikibaki P0303, koili haina makosa, angalia plagi, nozeli na kompresheni. Watu huhamisha koili mchana injini ikiwa moto, wakiona hakuna misi wanasema koili ni mzima. Hapo hawajajaribu chochote.

Toa pia ule mpira mrefu wa koili uuangalie kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi au mweupe kutoka juu hadi chini ni njia ya cheche kuvuja. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, gasketi za kava la valvu zimeisha. Oili inaozesha huo mpira.

---

#5 UyoleGereji

KiambuGari umesema kweli kabisa, na hilo la kulaza gari upya baada ya kuhamisha koili ndilo kosa namba moja.

Niongeze kusoma plagi. Toa zote nne, zipange kwa namba za silinda kwenye kitambaa. Zote zikiwa na masizi meusi makavu, petroli inazidi kwa injini nzima: sensa ya maji inayodai baridi muda wote, sensa ya hewa, au hakuna themostati (valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto). Moja ikiwa nyeupe na tatu kahawia, silinda hiyo inapata hewa ya ziada, au nozeli yake imeziba. Moja ikiwa imelowa petroli, ama cheche haipo ama nozeli inavuja. Moja ikiwa safi kama imeoshwa kwa mvuke, hapo maji yanaingia silinda, na hiyo habari ni nzito.

---

#6 Ngazija_Motor

Kuhusu themostati, huku Dar mafundi wengi wanaitoa na gari halina shida. Injini inakaa poa.

---

#7 UyoleGereji

Ndugu, halina shida inayoonekana. Themostati ya 1NZ-FE inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza. Kwenye joto la Dar injini itajikongoja hadi 75 hivi. Njombe au Makete alfajiri, kwenye mteremko, inaweza kukaa 55 au 60 safari nzima. Kontroboksi inaona injini haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli. Plagi zinashika masizi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukasikia harufu ya petroli, ndiyo hiyo. Plagi zenye masizi ndizo zinazomisi kesho asubuhi. Mtu anabadilisha plagi kila miezi mitatu na themostati haipo.

Kama gari lilikuwa linachemsha ndipo ikatolewa, basi ubovu wa kuchemsha haukutibiwa: rejeta imeziba, feni, mfuniko au gasketi ya hedi. Rudisha themostati, tafuta kilichokuwa kinachemsha.

Na maji ya bomba badala ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) yanajenga magamba kwenye ncha ya sensa. Sensa iliyovaa magamba inachelewa kusoma. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini (distilled).

---

#8 Mwanjelwa_IST

Matokeo ya leo. Nje nyuzi 9. Ukinzani wa sensa: kilo-ohm 1.76. Rezista ya 3.9: gari limeruka rpm 1,350 mara moja. Lakini mtetemo haujaisha wote. Umepungua sana, ila sekunde 40 za kwanza kuna kama kugonga-gonga kwa chini. Nimeagiza sensa.

---

#9 UyoleGereji

Safi sana. Sensa: ifungue injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta uachie presha kwanza. Maji kidogo yatatoka, weka chombo. Pete mpya au gasketi yake mpya, kaza kiasi. Ukimaliza jaza maji, washa bila mfuniko, hita ikiwa kwenye joto la juu, mpaka feni izunguke na mapovu yaishe. Hewa ikibaki pale juu, sensa itakaa kwenye povu badala ya maji na utarudi hapa na malalamiko yale yale.

Mabaki ya mtetemo ni ubovu wa pili. Magari ya umri huu mara nyingi yana mawili kwa pamoja, na ndiyo maana kubahatisha vipuri kunamaliza pesa: unatibu kimoja sawasawa, dalili haiishi, unadhani ulikosea.

Sasa injini ikiwa na moto kamili (maji juu ya 80), soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroboksi imezoea kuongeza (+) au kupunguza (-); mashine inayaandika LTFT. Soma kwenye sailensi, kisha shikilia rpm 2,500 kwa dakika moja usome tena. AC na taa vizimwe.

Namba ikiwa kati ya -10 na +10, hakuna cha kutisha. Ikiwa juu ya +10 kwenye sailensi na inarudi karibu na sifuri kwenye 2,500, kuna hewa ya wizi: tundu dogo linaonekana kubwa pale injini inapovuta hewa kidogo, na linapotea hewa ikiwa nyingi. Ikiwa ndogo kwenye sailensi na inapanda ukikanyaga, petroli haitoshi, au sensa ya hewa ina vumbi na inahesabu pungufu.

---

#10 DiziliMakambako

Naomba kuuliza kwa upande wa dizeli, Hiace. Asubuhi inatetemeka na moshi mweupe, ikichemka inatulia. Hayo ya sensa ya oksijeni hayahusiki, sivyo?

---

#11 UyoleGereji

Hayahusiki. Dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kuta za silinda zikiwa baridi hewa hiyo inapoteza joto. Silinda moja isipowaka, petroli... samahani, dizeli yake inatoka mbichi kama moshi mweupe unaowasha macho. Moshi mweupe usiowasha macho, wenye harufu tamu na maji yanapungua rejeta, ni kulanti.

Anza na plagi za kupasha. Ondoa ule upau unaoziunganisha, pima kila moja kutoka ncha yake hadi bodi ya injini. Nzuri inasoma ohm 1 hivi au chini, na zote zifanane. Isiyosoma kabisa imekatika. Pima pia kama volti zinafika kwenye upau swichi ikifunguliwa; rilei yake inakufa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Plagi zikiwa nzima, tafuta hewa kwenye mafuta: funga kipande cha mpira angavu kabla ya pampu, acha gari lilale, angalia mapovu wakati wa kuwasha. Pampu ya mkono juu ya filta ndiyo inayovujisha sana. Kwa injini za 2KD zenye komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), mashine inaonyesha marekebisho ya kila nozeli; injini ikiwa na moto, nozeli inayozidi +3 au kushuka chini ya -3 ndiyo ya kupelekwa kupimwa. Kwa injini za zamani za 3L na 5L, hakikisha tapeti (mwanya wa valvu) na taiming ya pampu kwanza.

Ila fungua uzi wako wa dizeli mkuu, unastahili nafasi yake.

---

#12 Probox_Iringa

Oili inahusika? Gari langu linawekwa 20W-50 kwa sababu inakula oili kidogo. Asubuhi linatetemeka na kuna kelele ya mnyororo.

---

#13 KiambuGari

Inahusika sana kwa hii injini. VVT-i inageuza kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa presha ya oili. Kuna valvu ya umeme inayoongoza oili hiyo, na kabla yake kichujio kidogo cha waya nyuma ya bolti kwa kichwa cha silinda. Oili nzito kwa baridi inachelewa kufika, na uchafu ukikwamisha hiyo valvu ikiwa wazi, kamshafti inabaki imetangulia. Kwa sailensi, kamshafti iliyotangulia inarudisha moshi uliochomeka ndani ya silinda: mtetemo, na gari kuzima.

Pima valvu: ohm 6.9 hadi 7.9 kwa nyuzi 20. Itoe, ipe volti 12 kwa muda mfupi, pini ndani yake iende na kurudi bila kukwama. Ioshe, na usisahau hicho kichujio.

Oili ya kitabu ni 5W-30, lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kelele ya mnyororo ya sekunde mbili ni oili kutofika. Ikiendelea zaidi ya hapo angalia kikaza mnyororo, na P0016 kama ipo inaweza kumaanisha mnyororo umeshalegea.

---

#14 UyoleGereji

Nyongeza kwa wenye gari linalokula oili: kabla ya kuendelea na 20W-50, pima kompresheni. 1NZ-FE mpya ni psi 213, kikomo cha chini 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14.

Lakini hizo ni takwimu za usawa wa bahari! Mbeya iko kama mita 1,700, shinikizo la hewa ni takribani asilimia 82 ya lile la pwani. Injini nzima kabisa hapa itasoma psi 175 hivi, na Limuru chini ya hapo. Kuna injini zimefunguliwa bure kwa sababu fundi alilinganisha namba ya Mbeya na kitabu. Vivyo hivyo geji ya vakyumu: pwani sailensi nzuri ni inchi 17 hadi 21 za zebaki, ondoa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Hapa 13 au 14 iliyotulia ni afya. Mshale unaocheza-cheza ndio wa kuhofia, hata ukiwa juu.

Tapeti pia. Mwanya ukiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea 0.25 hadi 0.35. Valvu ya kutolea ikibana, haifungi sawasawa, na silinda hiyo inamisi sailensi.

---

#15 Mwanjelwa_IST

Sensa mpya imefungwa. Asubuhi hii kabla ya kuwasha: hewa 11, maji 11. Rpm 1,320. Mtetemo mdogo wa sekunde 40 bado upo. LTFT injini ikiwa na moto: sailensi +14, kwenye 2,500 +3. Nimetoa plagi: 1, 2, 3 kahawia, ya 4 nyeupe.

---

#16 UyoleGereji

Umeshaipata mwenyewe. Hewa ya wizi, na iko karibu na silinda ya 4. Kwa hiyo usihangaike na mipira inayohudumia silinda zote mpaka umekagua gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) mdomo wa 4.

Manifoldi ya 1NZ ni ya plastiki, imefungwa kwenye aluminiamu, na gasketi ya mpira katikati. Miaka ikipita mpira unakuwa mgumu kama kucha. Baridi ikishika, plastiki na mpira vinajikunja na mwanya unafunguka. Joto likipanda vinatanuka na kuziba. Injini ya 1ZZ-FE inajulikana mno kwa jambo hilo hilo.

Jaribio: injini baridi, ndani ya dakika ya kwanza. Chupa ya kunyunyizia yenye maji safi, nyunyizia mstari wa gasketi mdomo baada ya mdomo, ukianza na wa 4. Rpm ikibadilika au mlio wa kufyonza ukikatika, ni hapo. Maji hayachomi moto. Wengi wanatumia dawa ya kusafishia karbureta, nayo inaonyesha kwa uwazi zaidi kwa sababu rpm inapanda, lakini injini iwe baridi, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na usinyunyize kuelekea koili. Mwenye mashine ya moshi atumie hiyo, gari likiwa limezimwa na limepoa.

Wasiojua ipo kwa silinda ipi waendelee hivi: bana kwa koleo laini mpira wa buster ya breki, kisha mpira wa kupumulia oili, kisha wa mvuke wa tangi, mmoja mmoja, huku ukiangalia marekebisho ya mafuta ya muda mfupi. Ukibana na namba ikashuka ghafla, umefika.

---

#17 Probox_Iringa

Na kama LTFT ni sawa, plagi ni sawa, rpm inapanda, ila sekunde kumi za kwanza tu inamisi na kutoa harufu ya petroli?

---

#18 KiambuGari

Nozeli inavuja usiku. Funga geji ya presha ya petroli: injini ikifanya kazi iwe psi 44 hadi 50. Zima, subiri dakika 5, isishuke chini ya psi 21. Ikishuka, kuna njia mbili za kuvuja. Nozeli ikivuja: harufu, moshi mweusi wa kwanza, plagi moja imelowa. Valvu ya kurudisha ndani ya pampu ikivuja: stata inazunguka muda mrefu, lakini gari likishawaka linatulia, halimisi.

Ukiona moshi mweupe badala ya mweusi, na maji yanapungua kidogo kidogo, usiguse nozeli. Hiyo ni gasketi ya hedi, maji yanachuruzika kwa silinda usiku. Jioni injini ikiwa imepoa, pampu mfumo wa maji hadi bar 1, uache hadi asubuhi. Presha ikiwa imeshuka na hakuna tone chini, toa plagi na uangalie juu ya pistoni kwa kamera ndogo. Pistoni moja yenye unyevu inatosha. Usilipige stata kwa nguvu gari la namna hiyo. Maji yakijaa silinda yanapinda konrodi.

Petroli yenyewe pia. Iliyochanganywa mafuta ya taa haigeuki mvuke kwa baridi. Dondosha tone kwa karatasi nyeupe, likauke kivulini. Petroli safi inaondoka. Ikibaki alama ya grisi, badilisha kituo kabla ya kubadilisha kipuri.

---

#19 UyoleGereji

Wenye injini za D-4, kama 1AZ-FSE: petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi valvu za kuingiza hewa. Kaboni inajijenga nyuma ya valvu mpaka njia inakuwa nyembamba, na asubuhi mtetemo. Dawa za kumimina tangini hazifiki hapo. Manifoldi itolewe, valvu zikiwa zimefungwa, kaboni ilainishwe na kukwanguliwa, au zipigwe kwa maganda ya walnati.

Na waliosafisha throto ya umeme kisha sailensi ikawa mbaya zaidi: kontroboksi imekariri mwanya wa uchafu. Toa waya hasi wa betri dakika moja, rudisha, washa bila kugusa mafuta, AC na taa vizimwe, liache mpaka feni izunguke mara mbili. Kile kisahani kisisukumwe kwa kidole swichi ikiwa wazi. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake tu.

---

#20 Mwanjelwa_IST

Gasketi ya manifoldi imebadilishwa. Ya zamani mdomo wa 4 ulikuwa umelala bapa, umekakamaa. Maji yalibadilisha rpm pale pale nilipoanza. Leo nje nyuzi 8: maji 8, hewa 9, rpm 1,380, hakuna mtetemo. LTFT imeshuka hadi +6 kwenye sailensi.

---

#21 UyoleGereji

+6 bado inajifunza. Endesha siku mbili tatu, mjini na barabara kuu, usome tena injini ikiwa na moto. Ikitulia chini ya +5 funga kazi. Ikibaki pale pale, rudi kwenye pete za mpira za nozeli, ya 4 kwanza, kwa sababu manifoldi ilipotolewa huenda ziliguswa. Plagi ya 4 usiitupe. Isafishe, irudishe, uiangalie rangi baada ya kilomita 500.

---

#22 Mwanjelwa_IST

Siku ya nne: sailensi +2, kwenye 2,500 +1. Asubuhi nyuzi 7, limewaka na kukaa rpm 1,400 bila kutikisika.